Upinde wa Sabuni

Pinde zote za fidla zilikuwa zimepakwa sabuni zisitoe sauti, maana muziki wenyewe ulitoka kwenye spika. Bok-hui na wapigaji wengine wa Seoul walikuwa wamekodiwa kujaza jukwaa la tamthilia ya televisheni. Kazi yao ilikuwa kupeleka mkono tu.

Mguu wake haukutulia hata kidogo.

“Mama, huo mguu kamera itauona,” alinong’ona msaidizi wa mwongozaji.

“Kwanza mwambieni nyota wenu aache kushika fidla kama anapara samaki. Hii mara ya saba!”

“Safari hii ataweza. Tumepata rekodi ya zamani, inaliza mtu.”

Spika zikaanza. Noti nne, halafu kabla ya ile ya juu, mpigaji kwenye rekodi akavuta pumzi kwa pua, kwa pupa, kama anayetaka kupiga mbizi.

Mguu wa Bok-hui ukatulia. Pumzi ile ilikuwa yake. Siku ya kurekodi alikuwa na miaka ishirini na sita, akawasihi mafundi waifute, wakakataa.

Mbele yake yule nyota alifumba macho, akatelezesha upinde wake bubu, chozi likamdondoka.

“Hapo hapo!” mwongozaji akapayuka. “Sasa hiyo sauti ni yako! Turudie, kamera imsogelee. Nataka kimya!”

Bok-hui akaulaza upinde wa sabuni sakafuni. Akafungua kasha chini ya kiti, akatoa wa kwake. Vumbi jeupe la utomvu, ule unaofanya nyuzi zilie, likaiangukia sketi yake nyeusi.

Spika zikaanza. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Akavuta pumzi kwa pua.