Ansbaldi wa Ng'ambo

Tumbo la Askofu Ansbaldi lilikwama chini ya madhabahu. Nje, farasi wa mfalme walikuwa wameshafika uani.

“Vuta pumzi ndani, Baba Askofu,” alisema Shemasi Wigo, mzee wa watu, huku akimsukuma. “Hao bata bukini wa Pasaka ndio wanaokataa kuingia.”

“Wako wangapi?”

“Askari sita, farasi saba. Mmoja mweupe, hana mtu.”

“Huyo ni wa kunibeba mimi.” Miaka miwili alikuwa akimwandikia kwa siri mdogo wa mfalme, yule mwasi, akimwahidi taji. Shingo za watu zilishakatwa kwa madogo kuliko hayo.

“Lakini Kwaresima si ulimwandikia mfalme barua tamu?”

“Mfalme haamini barua, Wigo. Anaamini shoka.”

Akajichomoa, akavua pete yake ya muhuri na kuisukumiza kiatuni. Mlango ukafunguka.

“Namtafuta Askofu Ansbaldi,” alisema Teudo, mkuu wa askari.

Watu wa ikulu hawakuwajua maaskofu wa mashambani kwa sura. Na Ansbaldi walikuwa wawili: huyu wa mlimani, na binamu yake wa ng'ambo ya mto, mtu wa sala na mizinga ya nyuki, asiye na ugomvi hata na nyuki wenyewe. Wote wawili walirithi jina la babu yao.

“Mimi ni Ansbaldi wa ng'ambo,” askofu alisema. “Nimekuja kumsalimu binamu yangu. Mwenyewe hayupo.”

“Utaapa?”

Wigo akaleta kisanduku chenye kidole cha mtakatifu. Akanong'ona, “Baba, anayeapa uongo juu ya hiki hukatwa mkono.”

“Afadhali mkono,” askofu alijibu kwa midomo tu. Akaweka kiganja, akaapa.

Teudo akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. “Umetupunguzia safari, Baba. Tulikuwa tumpe mwenyeji wako yule farasi mweupe, shukrani ya mfalme, ndipo tuvuke mto tukukamate wewe.”

Akamwashiria askari mwenye kamba, kisha akakunjua barua ya Kwaresima iliyomtaja msaliti: Ansbaldi wa ng'ambo. Kwenye nta ya muhuri wake palikuwa na alama ya pete ile ile iliyokuwa ikimfinya askofu kiatuni.