Shavu la Kushoto

Tangu uvimbe ulipotolewa nyuma ya sikio lake, shavu la kushoto la Sikudhani lilikuwa limelala kama si lake. Daktari alimpasua tena, akauunga mshipa wa fahamu wa kutafunia na ule wa shavu uliokufa. "Ukitaka kutabasamu, uma meno," alimwambia. Sikudhani aliuma meno mbele ya kioo miezi na miezi, shavu lisitikisike, mwishowe akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Asubuhi moja Shomari, mumewe, alimletea chai. Sikudhani alipoionja akaitema. Chumvi tupu!

"Hata sukari huijui, mwanamume wewe?" alifoka, akasaga meno kwa hasira.

Shomari alimkodolea macho. "Mke wangu, unanigombeza huku unacheka?"

"Nacheka nini?"

"Shavu limepanda. Hilo hilo la kushoto."

Sikudhani aliligusa. Akauma meno polepole, na chini ya vidole vyake nyama ikajikunja, kidogo tu, kama mtoto anayegeuka tumboni.

"Nigombeze tena," Shomari alinong'ona.

Sikudhani alitafuta la kumkaripia, asilipate. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na pembe ya mdomo wake ilitetemeka, ikipanda.