Kopo Moja la Udhu

Kopo liligonga ukingo wa ndoo kabla hakujapambazuka. Nilikuwa natawadha huku nimenuna.

Mjukuu wangu alikuwa bado amelala. Mwaka ule wa ukame, kila Jumamosi alitoka hapa kwetu Joubert Park kwenda kuokota plastiki kwenye Mto Jukskei na jirani yetu Mkongomani, Orpha. Akirudi, ni Koko Orpha tu, yaani Bibi Orpha kwa lugha ya huyo jirani. Koko Orpha hamwagi maji ya kufulia. Koko Orpha ananyweshea mchicha. Mimi, bibi yake wa damu, namkaangia samaki na kusikiliza.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Orpha mwenyewe, kitenge begani.

"Mama, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini saa hizi?"

"Ile kunawa yako ya sala. Huyu mtoto, kule mtoni ni Bibi, Bibi! Bibi anatumia kopo moja, weye Koko unamaliza ndoo. Eish, miye nimechoka kusikia!"

Nikamtazama. Alikuwa amenuna kuliko mimi.

Nikaanza upya, taratibu. Maji yakateremka kama uzi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, yakadondokea beseni. Nilipomaliza miguu, kopo lilikuwa bado na maji, nikaona raha ambayo haikuwa ya ibada.

Orpha akabeba beseni ili akanyweshee mchicha wake. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

"Kesho uje tena," nikamwambia. "Ila uje mtoto akiwa macho."