Mguu wa Makame

Sihaba alivaa miwani mpya, akatunga uzi kwenye sindano bila kupapasa. Bima yao ya afya ilikuwa haitoi hata ndururu mpaka wenyewe walipe kwanza fungu kubwa la mwaka. Fungu hilo walilimaliza kulipia hospitali Makame, mumewe, alipoanguka kutoka paani akavunjika mguu. Sasa, mpaka mwaka uishe, bima ndiyo inayolipa kila tiba, hata miwani.

“Basi mguu wangu umekupa macho, Mama Rukia,” Makame alisema, akaangua kicheko.

Kinywa kilipopanuka, Sihaba akaliona gego lililooza.

“Hilo lina muda gani, Baba Rukia?”

“Siku nyingi. Nilikuwa nangoja mmoja wetu avunjike.”

Sihaba alichomeka sindano kitambaani, akamletea magongo yake.

“Inuka twende. Mwaka haujaisha.”