Makohozi ya Eddah

Nesi Cherotich aliinua kimkebe kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa.

"Gogo, bibi yangu, haya ni mate tu. Nataka makohozi, yale ya kutoka ndani kabisa."

"Ndani kabisa hakuna kitu, mwanangu," Eddah akasema.

Kikohozi chake kilikuwa kikavu kama chai iliyotoka kiwandani. Alikuwa amekonda, shingoni ana vivimbe, na picha ya kifua ilionyesha madoa. Huku Mogogosiek ukiwa hivyo kila mtu anakwambia ni TB, lakini nesi hakutaka kutoa dawa bila kipimo.

Nyumbani, mumewe, Mzee Kipsang, alimcheka mpaka naye akashikwa na kikohozi. Yeye alikohoa kila asubuhi nyuma ya zizi, akitema kwenye kopo la majivu. Alikuwa amebaki mifupa na kofia. Tangu mahindi yavunwe Eddah alikuwa akimsihi aende kliniki.

"Yangu ni vumbi ya kiwanda," mzee alisema. "Nimechochea moto wa kukausha chai maisha yangu yote, unataka nikohoe maua? Hospitali ni yenu akina mama. Mimi dawa yangu ni mursik, maziwa yetu ya kibuyuni."

Eddah akaacha kumsihi. Kesho yake alirudi kliniki na mkebe umejaa.

Jibu likawa TB, wadudu wengi. Nesi akampa vidonge vyekundu vya kumeza miezi sita, kisha akampigia Kipsang simu.

"Mzee, wewe ndiye utamwangalia akimeza. Na uje pia upimwe."

"Nipimwe nini? Mgonjwa ni yeye."

Siku hiyo hiyo alimtengea mkewe kikombe, sahani na kitanda. Kibuyu cha mursik hakukitenga, maana hakuna mwingine pale nyumbani aliyejua kukipaka mkaa vile yeye anapenda.

"Dawa zimeshuka?" aliuliza kila asubuhi, ameketi mbali uani.

"Zimeshuka, mzee." Kisha Eddah alimletea mursik yake, ameikoroga sana.

"Mama Gibson, siku hizi hii kitu ni chungu."

"Ni mkaa. Maliza."

Miezi ikapita. Kipsang akanenepa, akarudi kuimba kanisani, na sokoni akawaambia wazee wenzake kwamba mursik imemshinda daktari. Eddah naye alizidi kuisha. Akitoka mtoni na maji, alipumzika njiani kama mtu aliyebeba jiwe. Nesi akaingiwa na hofu kwamba hiyo ni TB isiyosikia dawa, ile ya kulazwa peke yako na kuanza dawa nyingine kali. Akamtuma hospitali kubwa, Kericho.

Huko Daktari Omosa alikata kinyama kidogo kwenye kivimbe cha shingo, kikapelekwa kupimwa. Siku ya majibu Kipsang alimsindikiza mkewe, akaketi karibu na mlango, kofia juu ya goti.

"Mama, wewe huna TB," daktari akasema. "Una ugonjwa unaitwa sarkoidosisi. Unafanana na TB sana, lakini hauambukizi, na dawa yake ni tofauti kabisa. Tutaianza leo."

Eddah alifumba macho, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," daktari akaendelea. "Yale makohozi yako yalikuwa na wadudu wa TB kweli. Na vile vidonge, ulivimaliza?"

"Vilikwisha, daktari. Hakuna hata kimoja kilitupwa."

"Mkojo je? Vile vidonge huufanya uwe rangi ya Fanta."

"Wangu? Wangu haujabadilika."

Kule mlangoni kofia ilianguka sakafuni.

"Daktari," Kipsang akasema polepole, "umesema Fanta?"

Eddah aliinama, akaiokota kofia, akaipangusa vumbi na kumrudishia gotini.

"Na kile kikohozi chako, mzee," akamwuliza, "kilienda wapi?"