Mikono ya Kung'arishia Lenzi

Joto la kidole huvimbisha kioo cha lenzi. Jicho halioni, ila picha inaona. Ndiyo maana sisi tunaong'arisha lenzi hupozwa mikono siku ya kuajiriwa, na haipati joto tena maisha yetu yote. Mimi nilikubali nikiwa na mimba ya Tunu.

Sasa anasoma chekechea. Nikitaka kumwogesha, hukimbilia kwa baba yake. "Mama ana baridi," husema, bila ubaya wowote. Nywele zake husukwa na shangazi yake. Mimi hushika kitana.

Juzi alirudi amelegea. Nilimgusa shingoni, lakini kwa mikono hii kila mtu ni wa moto. Baba yake ndiye aliyeshtuka. "Mtoto anaungua huyu!" akasema, akatoka mbio kwenda duka la dawa.

Tunu akaniita. Aliuchukua mkono wangu, akauweka kwenye paji lake la uso, akafumba macho.

"Usiutoe, mama."

Sikuutoa. Baba yake aliporudi na dawa na kijiko, nilimwambia asubiri kwanza, mtoto amelala.

Hakuwa amelala.