Jiwe la Jiko la Mama

Msimamizi wa mashamba alikuwa akituamuru tumshukuru bwana wake kwa mnara huu mpya na saa yake kutoka Edinburgh, nilipoliona lile jiwe ukutani.

Lilikuwa jeusi upande wa nje, na limelika katikati, pale mama alipokuwa akinolea visu. Juu yake moto wetu haukuwahi kuzimika tangu enzi za nyanya yake, hadi msimamizi huyuhuyu alipoumwagia maziwa yetu, akabomoa nyumba, akajaza bonde letu kondoo wa bwana wake.

Nililipapasa. Kidole kikatoka na masizi.

"We Oighrig, toa mkono wako! Utachafua mnara wa watu!"

"Watu gani, bwana?" nikamuuliza, huku nikijipangusa kwenye kola yake nyeupe.